Kabla ya Shukrani ya Jumapili

Mama,

Nimeketi kwenye kigoda nje ya mlango, hapa Kaptembwo tunapopanga, na watoto wamelala baada ya chakula cha mchana. Sijui barua ya namna hii hupelekwa wapi. Lakini kesho ni siku ya kliniki na Jumapili ni shukrani kanisani, na katikati hapo sina wa kuuliza ila wewe, kwa sababu wewe ulipita njia hiyo.

Kwanza habari. Umetuacha miaka saba sasa. Baba bado yuko Kabazi. Pareto ilimshinda, akaing'oa yote, sasa ni mahindi mpaka mlangoni. Mimi niliolewa na Njoroge, anabeba magunia kwa stoo moja mjini, ni mtu mpole. Tuna wasichana wawili. Wa kwanza ana jina la mama mkwe, kama inavyotakiwa. Wa pili ni wewe. Mama mkwe hakulitaka. Alisema, "Jina si kitu cha kuchezea. Mpe la shangazi yako." Nilikataa. Kwa hivyo kuna Wangari tena duniani, ana mwaka na miezi miwili, na kwa desturi namwita Mama, na nikimwita anageuka na uso wako.

Sasa neno lenyewe. Ule ugonjwa wako umenipata na mimi.

Ulinijia mtoto akiwa na miezi mitatu. Siku nne sikulala wala sikuchoka. Nilishona magauni kumi na moja ya watoto ambao hawako, kwa kitambaa cha yule mama Mhindi ninayeshonea barazani kwake, nikamwambia yeye na mimi tutafungua kiwanda. Alinitazama, akasema, "Wewe Njeri, keti kwanza. Kunywa chai." Chai ilipokwisha akanipeleka hospitali kwa gari la bwanake. Baadaye nikaanguka chini kabisa. Wiki nyingi nilielekea ukuta, mtoto analia, na mimi nasikia kama analia kwa jirani.

Wewe ndiwe uliyekuwa umelala hivyo, na mimi nilikuwa nakasirika, nikikuwekea uji kwa kishindo. Nisamehe.

Walinipa vidonge na siku ya kliniki. Unakumbuka kliniki ya siku zetu? Tulitoka Kabazi alfajiri kwa lori la maziwa, wewe ukanikatia andazi na kunipa kipande kikubwa, ukisema, "Kula, mimi nimeshiba hewa." Tukakaa kwenye lile benchi mpaka saa nane. Karani akaita majina kwa sauti ya mnada, hata wauza viazi ng'ambo ya ua wakajua nani ana kichwa kibaya. Daktari akauliza, "Unaendelea vizuri?" Ukasema ndiyo. Akaandika. Basi. Hakuna aliyetuambia kwamba vizuri ndiyo kazi ya dawa. Tulidhani vizuri ni kupona.

Ndipo wazee wa kanisa wakaandaa shukrani yako. Ulisimama na kitambaa cheupe kichwani, ukasema mbele ya watu wote, "Bwana ameniponya, na vile vidonge nimeacha." Watu wakaimba. Mimi niliimba kuliko wote. Lakini Mama, mtu akishashuhudia hivyo atarudije kwenye lile benchi? Akionekana pale amekuwa mwongo, tena mwongo wa madhabahuni. Mwezi uliofuata nilikukumbusha siku ya kliniki, mara moja tu. Ukasema, "Unataka niaibike?" Nilifurahi kwamba sitaamka alfajiri. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Kadi yako ikabaki huko kliniki kwenye sanduku lao. Hakuna aliyeuliza Wangari wa Kabazi ameenda wapi. Mvua kubwa ilipoanza ulikuwa unaamka kabla ya jogoo, unawalimia majirani bila kuitwa, unacheka peke yako. Ukagawa mbuzi wawili. Sisi tukasema, oneni nguvu alizopewa. Siku ile mto ulikuwa umefurika na wanaume walisimama kando na ng'ombe wao, wakingoja maji yapungue. Wanasema uliwapita ukiimba. Mmoja akakuambia, "Mama, ngoja kidogo." Ukamjibu, "Haya maji yananijua."

Nimeyaandika.

Kliniki ya sasa ina Sista mmoja, mfupi, mkali. Haiti majina, anamgusa mtu bega. Kila mgonjwa lazima amlete mtu wa nyumbani afundishwe dalili, na ukikosa siku yako, wiki hiyo hiyo anatuma mtu wa baiskeli mpaka mlangoni. Nina daftari la shule ambalo naandika saa nilizolala. Aliniambia, "Njeri, hii si dawa ya homa. Ni ya miaka. Ukijisikia vibaya utakuja mwenyewe, najua. Mimi naogopa siku utakayojisikia vizuri kupita kiasi." Njoroge alikuja mara moja, akasikiliza akizungusha kofia mikononi. Njiani akaniambia, "Huyo mama anajua kazi." Tangu hapo amekuwa akinihesabia vidonge jioni, na mimi nimekuwa mzima miezi minane. Mzito, ndiyo. Mdomo mkavu. Nachoka, kila siku nachoka, lakini ni uchovu wa mama yeyote mwenye watoto wawili.

Kisha mama mkwe akaja. Amepanga shukrani yangu Jumapili hii. Amealika watu, ameagiza mbuzi. Anasema natembea kama bata kwa sababu ya vidonge. Anasema, "Kijana wangu alioa mke, hakuoa chupa ya dawa." Si mtu mbaya, Mama. Alinilelea watoto nilipokuwa ukutani, akawaosha, akawalisha. Sasa anataka kunisimamisha mbele ya watu waache kunong'ona. Na Njoroge kwa mama yake hana mdomo. Ameniambia, "Sema maneno mawili tu, wafurahi. Mengine tutaona." Ijumaa mama mkwe alichukua mkebe wa vidonge akautia kwenye kikapu chake, ati nishuhudie jambo la kweli. Nikamwachia, na Njoroge jioni hakuwa na cha kuhesabu. Nilisema moyoni, siku chache si kitu.

Leo ni Jumanne.

Mama, nikuambie linalonitisha. Leo sijachoka. Nimefua nguo zetu zote, nikafua na za jirani. Nimepaka ukuta chokaa. Daftari linasema saa saba, halafu sita, halafu nne, na jana ni mbili. Na kila kitu ni kizuri sana. Mabati ya majirani yanawaka kama fedha, watoto wananukia, na ushuhuda wa Jumapili unanijia wenyewe, maneno matamu ambayo sikujua ninayo. Nataka kuyasema. Nataka sana. Hivi ndivyo ilivyokuwa kwako? Yale maji uliyaona mazuri?

Mimi nilikuwa mtu wako wa nyumbani na sikufundishwa. Lakini safari hii nimefundishwa, na bado nikautoa mkebe kwa mkono wangu. Kwa hivyo nakuahidi sasa hivi, nikiwa bado na akili ya kuahidi. Nitamfunga Wangari mgongoni na dada yake nimshike mkono, niende kwa Sista leo. Kesho siingoji, maana kesho huenda nikajiona mzima kabisa. Njoroge nitampitia pale stoo, aache gunia twende naye, asikie tena kwa masikio yake. Na Jumapili, nikiweza kusimama, nitasema sijapona. Nitasema ninatibiwa, na nitatibiwa mpaka hawa wasichana wawe nyanya. Mama mkwe ataona haya. Wakitaka kuimba, waimbie hilo. Wasipotaka, wamle mbuzi, waende.

Basi lala, mama yangu. Yako mengi ya kukuandikia, yanakuja mbio na mkono hauchoki hata kidogo, na ndiyo sababu naacha hapa.

Mwanao,
Njeri