Usimwulize Baba Hali

Dada Eliza,

Shikamoo dada yangu. Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mzima, ila joto la huku Kusini linanimaliza. Nikikumbuka baridi ya kwetu Lushoto najiona mjinga kukubali uhamisho.

Barua yako nimeipata. Niliposoma Baba ametolewa hospitali, niliruka kwa furaha! Nikaendelea: "Analala vizuri, anaegemea ukuta jikoni, kitanda hakitaki." Dada, hapo furaha ikaniisha.

Ngoja nikueleze. Juzijuzi wodini kwetu tulikuwa na mzee anayeumwa moyo kama Baba. Alikuja anahema, miguu imevimba. Akapewa dawa ya kukojoa, uvimbe ukapungua, akaanza kudai arudi kijijini, palizi ya shamba la ujamaa isimpite. Siku ya kuruhusiwa nikamwamkia, "Shikamoo mzee, hujambo?" Akajibu, "Marahaba mwanangu, sijambo kabisa." Nami nikaandika kwenye faili: hajambo. Mjinga mimi! Mzee alikuwa anaitikia salamu tu. Nani anaitikia shikamoo kwa kutaja maradhi? Haikupita wiki akaletwa kwa machela, maji yamejaa mapafuni. Hatukuweza kumwokoa. Nililia, dada, na bado inaniuma.

Tangu hapo mgonjwa wa moyo hatoki mikononi mwangu kwa salamu. Namlaza chali bila mto, nakaa naye. Akikohoa au akitaka kuinuka apate pumzi, kama Baba anavyoukimbilia ukuta, bado hajapona. Nabonyeza muundi kwa kidole gumba. Nikiondoa kidole kishimo kikabaki, maji bado yamo mwilini.

Basi nakusihi, usimwulize Baba hali. Atasema hajambo, si unamjua! Mlaze, mbonyeze muundi. Atafoka, binti gani anamshika baba yake miguu? Mwambie nimekutuma mimi, anifokee mimi. Ukiona kishimo, au akishindwa kulala chali, usingoje siku ya soko. Shemeji na majirani wambebe mpaka barabarani, arudishwe hospitali siku hiyohiyo. Na mboga yake usitie chumvi. Akiisusa bada yake, ugali wa muhogo anaoupenda, mwache anune.

Nisalimie mama mdogo, na shangazi wa Magoma akipanda huko juu. Mwambie shemeji kanga alizoniagiza nimezinunua, asijidai kusahau kwamba ni zako.

Baba usimpe salamu zangu kwanza. Mlaze, mbonyeze, hakikisha. Halafu ndipo umwambie binti yake anampenda, na ameomba likizo ili amkute.

Mdogo wako,
Marita