Vitatange Waliobaki Tanga

Mpendwa Maman,

Furaha ameniambia kwenye simu kwamba macho yako hayapendi tena herufi ndogo, kwa hiyo naandika kwa kuachia nafasi ili yeye mwanao akusomee bila kukwama. Mwambie asiruke mahali nitakapozungumzia samaki. Najua anachoka haraka na habari za samaki, lakini wewe hukuwahi kuchoka, na habari nilizonazo leo ni zako kabla ya kuwa za mtu mwingine yeyote.

Naandikia mezani pako, hapa ghorofani, dirisha likitazama Chaussée de Wavre. Duka lile la chini bado linauza samaki wakavu, na harufu bado inapanda ngazi. Ndipo tulipokutana, unakumbuka? Nilikuwa sijamaliza hata mwezi Brussels. Nilikuwa nikimwomba muuzaji dagaa kwa Kifaransa changu cha kubomoka, nikaishia kusema peke yangu kwa Kiswahili, "Jamani, nitamwelezaje huyu?" Ukageuka na kikapu chako.

"Weye unasema Kiswahili ya radio," ukaniambia. "Unatoka Tanzania?"

Nikakujibu natoka Tanga, nimekuja kusoma. Ukataka kujua nasoma nini, nikasema samaki wa kwenye matumbawe. Ukanitazama, ukamtazama na muuzaji.

"Umepanda ndege mupaka Ulaya kwa kusoma samaki? Bon. Kuja ule kwanza."

Nilikuja kula, nikabaki. Chumba cha Furaha kilikuwa kitupu tangu aolewe Montreal, ukanipa. Ukawa unanitambulisha kwa wateja wako wa saluni kule Galerie d'Ixelles, "Huyu ni docteur yangu ya samaki," nami bado sikuwa daktari wa chochote. Jioni, ukisha kuvua viatu, uliniambia nikueleze walichokifanya samaki siku hiyo. Nilikueleza kuhusu kitatange, yule bapa wa manjano mwenye mstari mweusi machoni, anayetembea na mwenzake maisha yake yote, wakidonoa matumbawe hai na kutokula kingine. Huyo ulimpenda. Ulisema ana adabu ya ndoa.

Halafu ukaja mwaka tisini na nane. Nilikwenda nyumbani kupima samaki wangu kama nilivyopanga, na nilipozama mara ya kwanza nilidhani kioo cha miwani kina ukungu. Mwamba wote ulikuwa mweupe. Bahari ilikuwa imepata joto kupita kiasi kwa majuma mengi, na matumbawe yakipata joto la namna hiyo huwatema wale viumbe wadogo wa ndani yake wanaoyapa rangi na chakula. Yakibaki hivyo muda mrefu, hufa kwa njaa. Nilimwona kitatange na mwenzake wakizunguka palepale walipoishi. Wanadonoa, wanaacha. Wanasogea kidogo, wanadonoa, wanaacha. Nililia ndani ya miwani, Maman, jambo ambalo silishauri kwa mtu yeyote, maana huwezi kufuta machozi.

Nilirudi Brussels mikono mitupu. Profesa wangu hakuwa mtu mbaya. Alinikalisha, akanimiminia kahawa, akasema nilichokusudia kulinganisha hakipo tena, na kwamba ipo nafasi ya kusoma samaki wa bahari ya baridi ya huku, ambako angeweza kunisaidia zaidi. Nilimwambia nitafikiri. Nilichofanya ni kulala. Wiki nzima sikwenda chuoni, hadi ulipoingia na sahani ya sombe, kile kisamvu chenu, na ugali wa fufu, ukaketi kitandani bila kubisha hodi.

"Iko nini?"

Nikakueleza yote. Nikasema samaki wangu wamekuwa wakimbizi kama watu waliokimbia vita kwenu Bukavu. Nilidhani nimesema jambo zuri. Ukatikisa kichwa.

"Apana. Mukimbizi anatembea. Miye nilitembea, nikapanda lori, nikapanda ndege, leo niko hapa nasuka nywele. Ule samaki yako, nyumba ikikufa, yeye anabaki mulemule anazunguka. Si ndio umesema?"

"Ndiyo, Maman."

"Basi usitufananishe. Kula."

Nikala. Hukunifariji zaidi ya hapo, lakini kesho yake ulitangaza, bila kuniuliza, kwamba Jumapili baada ya misa nitawaonyesha wamama wa parokia picha zangu. Niligoma. Ukasema umeshawaambia, na kwamba biskuti zimeshanunuliwa.

Nakumbuka ule ukumbi ulivyokuwa na joto, mapazia yamefungwa, na mashine ya kuonyeshea picha ikinguruma juu ya viti viwili. Nilipoonyesha picha za mwanzo, za rangi, kila mtu alikuwa na la kusema. Maman Espérance aliuliza yule mkubwa wa buluu anapikwaje, na watu wakagombana kama ni kwa nyanya au kwa mafuta ya mawese. Kisha nikaweka picha ya mwamba mweupe.

"Nani aliifanya hivi?" akauliza Maman Espérance.

Nikasema bahari imepata joto.

"Na nani aliipasha moto?"

Nikaeleza kadiri nilivyoweza: moshi wa magari, wa viwanda, wa makaa, unaojikusanya angani na kuizuia dunia isipoe. Nikasema kwetu kuna ubaya mwingine pia, watu wanaovua kwa baruti, mlipuko mmoja ukavunja kilichojengeka tangu enzi za mababu. Yeye akaangalia kile chuma cha kupasha ukumbi joto pale ukutani, akasogeza kiti chake mbali nacho. Hakuna aliyecheka.

Ndipo ulipouliza kutoka nyuma, "Alors, wale balibaki, banaishi namna gani?"

Nilifungua mdomo kujibu, nikagundua sijui. Nilikuwa nimehesabu waliopotea tu. Jumatatu nikaenda kwa profesa nikamwambia sitaki samaki wa baridi. Nataka kurudi kwenye mwamba uleule na swali jipya: nani amebaki, na anahitaji nini ili abaki. Akafikiri, akasema tujaribu.

Wewe uliondoka kwenda kwa Furaha, Montreal, kabla sijapata jibu. Siku ile Gare du Nord, tukingoja treni ya uwanja wa ndege, ulinifunga skafu kana kwamba mimi ndiye ninayesafiri, ukanikataza kulia. Basi sikiliza sasa nilichokikuta niliporudi Tanga.

Pale palipokuwa pamevunjwa na baruti hata kabla ya joto, hakuna kitu. Ni kifusi kinachobiringishwa na mawimbi, na samaki hawana pa kujificha. Lakini upande wa pili, ambako wanakijiji walikubaliana kutovua na wanafukuza wenye baruti, mwamba ulikufa sehemu kubwa ila haukuanguka. Samaki kama pono na kangaja wapo wengi, wanakwangua mwani usiumeze mwamba wote. Na kwa sababu mwani haujaumeza, matumbawe machanga yamepata pa kushika. Madogo, Maman, kama vifungo vya shati. Nililala juu ya maji nikiyatazama hadi mgongo ukaungua.

Vitatange ni wachache mno. Sitakudanganya. Ila niliwaona wawili, wembamba, wakidonoa tumbawe moja lililopona kwenye kivuli cha jiwe. Na joto likirudi kama lile, sijui. Nimeandika hivyo hivyo kwenye tasnifu yangu, kwamba sijui, na waliokuwa wakinihoji hawakuliona hilo kuwa aibu kwangu. Nimefaulu. Profesa alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nina furaha, Maman. Ni furaha iliyotulia, ya mtu anayejua kazi yake iko wapi. Kijiji kile kimeniomba nirudi tuutazame mwamba pamoja, na nimekubali. Naondoka mwisho wa mwezi. Ufunguo wa nyumba nimempa Maman Espérance, na maua yako yote yako hai isipokuwa lile la jikoni, ambalo lilikuwa limekufa hata ulipokuwapo.

Nawe ukipata nguvu za safari, njoo Tanga na Furaha. Maji yakitoka, bahari ile inafika magotini tu. Nitakutafutia miwani inayokukaa vizuri, nitakushika mkono, utainamisha uso taratibu, na utaniambia mwenyewe unachokiona.

Ubaki na amani, na Mungu akulinde na baridi ya huko.

Mutoto wako wa Tanga