Krismasi Bila Hata Punje

Jumamosi, 13 Desemba
Nimetoka zamu, jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee, huku ughaibuni. Miguu inawaka moto. Nimekunywa chai nikapanga chakula cha Krismasi. Hakuna pilau. Hakuna chapati, hakuna maandazi, hata tambi. Baba Upendo kaniuliza kama kuna msiba.

Hakuna msiba, kuna ugeni. Mama Elia anakuja kula kwetu kwa mara ya kwanza. Mwanawe Elia ndiye mchumba wa Upendo wetu. Mama huyu ni mtu wa Uvira, ng'ambo ya ziwa kutoka kwetu Kigoma, na daktari kamkataza nafaka zote: ngano, mchele, mahindi, hata mtama. Akionja kidogo tu anaumwa wiki nzima. Kwenye harusi moja ya kanisani nilimkuta kajifungia ndani ya gari, anakula viazi vitamu vya baridi kutoka kwenye kikopo chekundu cha plastiki, sisi wengine huko ukumbini tunagombea minofu. Iliniuma. Nikaapa moyoni: huyu atakula kwangu, sahani moja na mimi.

Hiyo sahani moja ndiyo shughuli. Anaogopa mikono yetu. Ukishika chapati halafu ukamega kwenye sahani yake, umemlisha chapati. Basi meza nzima iwe safi. Katikati bada, ugali wa muhogo, pembeni samaki wetu, migebuka, kwa mawese, kisamvu cha karanga, ndizi za nazi. Watu wa Kigoma tumekula hivi tangu utoto, hatukuandikiwa na daktari. Naiweza hii.

Jumapili, 14 Desemba
Unga wa muhogo umefika! Dada Yusta kautuma na mama mmoja wa kanisani aliyerudi kutoka Kigoma. Mweupe, laini, unanukia nyumbani. Nikampigia simu kushukuru. Katikati ya maneno yake mengi akasema, "Foleni ilikuwa ndefu, mbele yangu watu wa mahindi tu."

Mashine ya sokoni! Aliyekulia kule anajua: ukisaga nyuma ya mtu wa mahindi, unga wako wa mwanzo unatoka na wake.

Sikumwambia. Kajitahidi, maskini. Unga huo ataula Baba Upendo.

Jumatatu, 15 Desemba
Muhogo mbichi. Nimeubeba mwenyewe kwenye basi kutoka soko la Woolwich, bega nusura ling'oke. Nimemenya, nimeloweka kwenye ndoo. Unga nitautengeneza kwa mikono yangu, kama mama alivyofanya. Baba Upendo anasema nimechanganyikiwa, unga wa muhogo umejaa madukani. Nimeusoma mfuko wake. Umefungashwa mahali wanapofungasha mahindi. Asiniletee.

Ijumaa, 19 Desemba
Muhogo umevunda vizuri. Nimeukamua, nimeumega, nimeutandaza kwenye trei juu ya hita zote. Sebuleni, vyumbani, mpaka bafuni. Nyumba inanuka kweli, nakiri. Upendo karudi kutoka kazini akaganda mlangoni. "Mum, seriously?" Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya mama mkwe wako, uizoee. Kahamishia nguo zake za kazini kwa rafiki yake.

Kule jua, hapa hita. Makopa ni makopa.

Jumatatu, 22 Desemba
Yamekauka, ukiyavunja yanalia. Nimekitoa kinu kilichogeuzwa chungu cha maua, nikakisugua, nikaanza kutwanga. Bibi wa ghorofa ya chini, Mwingereza, akagonga dari lake. Nikaendelea. Akapanda mwenyewe, kavaa ndara, kakunja uso. Nikamwonyesha kinu, nikamweleza: mkwe, Krismasi. Akauliza tu kama nitamaliza kabla ya kipindi chake cha jioni.

Nilimaliza. Nikachekecha, nikatwanga tena, nikachekecha. Unga wangu ni wa kujivunia. Nimeimba peke yangu.

Jumatano, 24 Desemba
Nimesugua sufuria, mwiko, meza, hata kitasa cha friji. Mchele, mikate, unga wa Yusta, vyote viko kwenye buti ya gari. Migebuka imeiva, kisamvu kimeiva, ndizi zimeiva. Nimevikoleza kwa chumvi yangu ya Uvinza, ile ninayoletewa kutoka nyumbani, maana ya hapa haina ladha. Humu ndani hamna punje. Mama Elia aje na miwani akague.

Alhamisi, 25 Desemba
Kaja. Kitenge kipya, na mkobani kikopo chekundu. Nikajifanya sikukiona. Nikampeleka jikoni nimtambie: unga nimetwanga mwenyewe, mashine haijaugusa. Akanishika viganja, akaona malengelenge. Halafu macho yake yakahamia kwenye chupa ya chumvi. Akaiinua mwangani.

"Mama Upendo," akasema taratibu, kama anayeona aibu kwa niaba yangu, "mu chumvi muko muchele."

Mchele. Nilizitia punje hizo mwenyewe ili chumvi isishikane. Mama alitia, bibi alitia. Macho yangu hayazioni tena. Nimehamisha mchele wote garini, huu nikauacha mkononi.

Niliumbuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Samaki, kisamvu, ndizi, vyote vimeonja chumvi ile. Mama Elia akanipapasa bega. "Usisumbuke, mama. Niko na viazi yangu." Akatoa kikopo mkobani, akakiweka juu ya kaunta.

Hapo akili ikanirudi. Bada! Nani anatia chumvi kwenye bada? Nikamwambia akiache kikopo hapo hapo. Kwenye friza nilikuwa bado na migebuka mibichi. Maduka yamefungwa, nikamtuma Upendo kwa bibi wa chini kuomba chumvi. Karudi na kopo jipya, halijafunguliwa, na swali: bibi anauliza kama leo tutatwanga. Mama Elia akalisoma kopo lote, akaitikia kwa kichwa. Nikachoma samaki kwa limau na pilipili. Sufuria tatu nikazifunika za kesho. Baba Upendo akazisindikiza kwa macho.

Tukanawa wote. Bada katikati, inafuka. Mama Elia hakunyoosha mkono. Alitazama mikono yetu, mmoja mmoja. Halafu akamega. Akafinyanga tonge, akabonyeza, akachota samaki. Akamega tena. Mkono wake na wangu ukagongana ndani ya sahani, akacheka.

Nikalia. Nikasingizia pilipili.

Ijumaa, 26 Desemba
Kumetulia. Mvua nyembamba. Nimemwaga chumvi, nimeosha chupa. Baba Upendo anakula ugali wa unga wa Yusta na kisamvu cha juzi, karidhika. Elia kapiga simu: mama yake kaamka mzima.

Nilipokuwa napanga vyombo nimekiona kikopo chekundu juu ya kaunta. Kakisahau. Viazi vyote vimo, hajagusa hata kimoja.

Nimevipasha moto nikala na chai.