Pombe ya Kuondoa Msiba wa Fransis

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Shemeji Gaspar kaja mchana na kofia ya kanisani. Akiivaa siku ya kazi, najua si heri.

Watu wa nyumbani walioko hapa mjini wamekaa kikao bila mimi. Wameamua Jumapili msiba wa mwanetu uondolewe. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ipikwe hapa Temeke, katika nyumba aliyotoka Fransis, na apike mama yake. Isipopikwa, Gaspar atamchukua dada yake Genoveva, mke wangu, wapande basi, msiba ukaondolewe kwetu Kibosho. Nikauliza, akishafika Kibosho atarudi lini? Gaspar akaivua kofia, akaitazama ndani.

Genoveva alijibu akiwa nyuma ya pazia. Hapiki. Akiikoroga pombe hiyo atakuwa amekubali kwamba mtoto amekufa.

Mimi hanisemeshi. Tangu Machi, kamba ya mzigo ilipokatika kwenye winchi bandarini Kurasini, mzigo ukamwangukia Fransis kazini, nimeandika gazetini barua baada ya barua. Nimewataja wasimamizi wanaokagua kamba kwa macho tu, wakiwa wamekaa kivulini. Sifuti hata neno. Lakini juzi nilimsomea barua mpya, nikapaza sauti pale penye hoja nzuri. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, Baba Fransis, umemfanya mwanangu makala. Akaenda kulala kwenye kitanda cha mtoto. Hajahama.

Nikamwambia Gaspar nitapika mwenyewe. Akacheka, halafu akaona sicheki.

Ndizi nimezichemsha jioni hii hii. Zimefunikwa, zichache.

Jumatano, 5 Agosti

Ndizi hazina taabu. Taabu ni uji wa kimea cha ulezi, na hasa msesewe — gome la mti wa kwetu, lililokaushwa na kutwangwa. Bila gome hilo mbege inabaki kinywaji cha kuwabembelezea watoto. Nilitaka kujaribu kwanza kwa kimea kidogo.

Uji ulikuwa unatokota vizuri. Nikachota konzi ya msesewe, nikaitia yote mara moja, nikafunika.

Chungu kikafura kama mtu aliyetukanwa. Povu likainua kifuniko, likashuka pande zote, moto ukazimika kwa kelele. Miguu yangu ikapata sehemu yake.

Bi Tunu, jirani yetu, akachungulia juu ya ua wa makuti.

"Mwalimu, unapika au unazima nyumba?"

Nikamwambia napika.

"Mie pombe siijui, Mungu aniepushe nayo. Lakini hata tui la nazi ukilifunika linakukimbia. Na wewe umefunika!"

Alicheka mpaka akashika ua. Nikamjibu kwamba tui na ulezi ni vitu viwili tofauti, nikaeleza kwa nini. Nilieleza kwa kirefu. Alikuwa ameshaingia ndani.

Ijumaa, 7 Agosti

Mara ya pili. Sikufunika, sikujaza chungu kupita nusu, na msesewe nilitia kwa vidole. Povu likamwagika vilevile.

Kosa ni moto. Napikia vifuu vya nazi, kama kila mtu hapa. Vifuu vina mafuta. Vikishika vinawaka kwa hasira, na ukitaka kupunguza hakuna pa kushika. Kwetu chungu cha mbege hukaa juu ya magogo. Ukitaka moto upungue, unavuta gogo moja nje, basi, povu linanywea. Nimekaa pwani miaka mingi kiasi cha kusahau kwamba moto nao una mkono wa kuushikia.

Gregori, tunayefundisha naye, alipita akanikuta nimejaa majivu. Akaniita mama mkwe. Nikamwuliza ni sheria ipi, ya Mungu au ya Gavana, inayomkataza baba kukoroga chungu cha msiba wa mwanawe. Akashika njia yake. Nilishinda, na ushindi haukunisaidia kitu.

Maana harufu ya msesewe ulioungua iliingia ndani, nikamsikia Genoveva analia. Makaburini hakulia. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi. Hoja zote nilizonazo, na sikupata neno hata moja la kuingia nalo.

Nafanya nini hapa? Yeye anazuia mlango kwa mgongo wake, na mimi nausukuma. Nisipousukuma, anaondoka kesho kutwa.

Jumamosi, 8 Agosti

Magogo ya mkorosho nimeyapata, makavu. Nimeinjika asubuhi. Chungu nusu. Bakuli la maji baridi kando, ya kunyunyiza. Mwiko hausimami. Msesewe kidogo, povu linapanda, nasubiri lianguke lenyewe, kidogo tena. Kazi hii haitaki haraka wala maneno. Nilikuwa nimefika katikati.

Gaspar akabisha hodi barazani. Akasema hawezi kungoja Jumapili anywe pombe iliyopikwa na mwanamume, watu watamcheka. Wanaondoka na basi la leo. Mimi nikaendelea kukoroga.

Genoveva akatoka uani. Amevaa kitenge cha safari, sanduku limefungwa kamba. Amekonda, kwenye mwanga nimemwona vizuri leo. Akasimama karibu na moto.

"Naenda, Baba Fransis."

Angesema hivyo mtu mwingine yeyote, ningekuwa na barua ya kumjibu tayari kichwani. Nikasema, "Nimesikia." Nikasema tena, "Sikutaka kumwondoa mtoto. Nilitaka usiondoke wewe."

Nikawa namtazama yeye, si chungu. Povu likapanda. Nililiona likiwa limeshafika ukingoni, na bakuli la maji sikulipata kwa mkono.

Akaweka sanduku chini. Akainama, akavuta gogo moja nje. Upesi, bila kutazama, kama alivyofanya maisha yake yote. Povu likasita. Likashuka.

Sijui kama ameokoa pombe, au ni mkono tu uliozoea. Sitamwuliza. Ningemwuliza, ningeharibu.

Naandika hapa hapa juu ya kinu, mkono wa kushoto unakoroga. Msesewe uliobaki ni nusu, sijathubutu kuutia. Yeye bado amesimama, gogo mkononi, linafuka moshi mbele ya kitenge chake kizuri. Hajaliweka chini. Hajalirudisha.

Gaspar ameita kutoka barazani, basi halingoji mtu.

Ameita tena.