Cheti cha Visigino

Buganguzi, Muleba
19 Agosti 1974

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima huko Izimbya na kahawa mmeshaianika. Sisi hatujambo. Mume wangu Mwijage anakuamkia, na mimi leo nina furaha hata kalamu hainitulii mkononi.

Ulisikia kwamba nilikaribia kurudishwa nyumbani. Ni kweli. Shamba la kijiji tunalianza alfajiri, na kila alfajiri visigino vyangu vilikataa kukanyaga chini. Jua likipanda nalima vizuri tu, na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kashaija, akauliza ni mgonjwa gani huyu anayepona saa nne kila siku. Jina langu likasomwa mkutanoni mara tatu pamoja na wavivu. Mama mkwe akaanza kunifungashia mizigo.

Mwijage akakataa katakata. Akanipeleka hospitali Bukoba, nikapigwa picha ya mifupa. Daktari akanionyesha mfupa wa kisigino ulivyolika, akaeleza kwamba ni uvimbe wa ndani, unaouma mtu akipumzika na kulegea akitembea. Akanipa vidonge na cheti chenye mhuri. Fundi viatu wa Bilele, hukohuko mjini, akanitilia sponji kwenye katambuga zangu za tairi.

Jumamosi cheti kikasomwa mkutanoni. Mzee Kashaija aliinua picha juani, akaitazama weee, kisha akaniomba radhi mbele ya kijiji kizima! Sasa naanza kazi saa nne, na namaliza sehemu yangu kabla ya wengi wao. Mama mkwe ananichemshia maji ya kukanda miguu, nami naringa.

Lakini Tata, daktari aliniuliza kama nyumbani kuna mwenye maumivu haya. Nilitaka kusema hakuna. Ndipo nikakukumbuka wewe, mgongo umekakamaa, ukishika ukuta asubuhi. Wazee wa ukoo walipotafuta mrithi wa kibanja cha babu, lile shamba lake la migomba, waliniita kando, nikiwa na miaka minane, wakaniuliza wewe Tata huamka saa ngapi. Nikasema jua likiwa juu. Ukuta sikuutaja. Kibanja akapewa baba mdogo Rugambwa, nawe ukaitwa mvivu mpaka leo. Hukujua nani alisema. Ni mimi. Nisamehe, Tata.

Daktari anakungoja Jumatatu ijayo, Mwijage atakufuata kwa baiskeli. Picha yako ikitoka, nitaipeleka mwenyewe kwa wazee wale, na safari hii nitasema yote.

Mama nampa shikamoo nyingi.

Ni mimi binti yako,
Theopista