Jina Nililoandika Kwenye Fomu

Chumba Namba Saba,
Nyuma ya Kinu cha Unga.
Tarehe 3 Machi

Mpendwa Dada Mkubwa,

U hali gani huko ughaibuni? Goti limepona? Na shemeji, bado anaendesha lile lori linalokohoa kuliko yeye? Mimi nashukuru Mungu, napumua.

Nilitaka kuandika "sijambo", lakini ndivyo nilivyokuandikia miaka yote, nawe ukaamini. Kila barua unamsalimu mume wangu, nami najibu kwamba naye anakusalimu. Dada, nilimwacha tangu mwaka juzi. Alikuwa ananipiga.

Niliona aibu. Mama alitufundisha kwamba mambo ya ndani hayaanikwi nje, nami nikalishika somo kupita kiasi. Jino lililong'oka nilikwambia lilioza. Mkono ulipovunjika nikasingizia kuteleza bafuni. Lile bafu lingekuwa na mdomo lingenishtaki.

Nilidhani nikiondoka maumivu yatabaki kulekule kwake. Wapi! Kichwa kinauma wiki nzima, nikiinuka ghafla chumba kinazunguka, na sikio la kushoto linavuma kutwa. Nasahau pia, mimi niliyekuwa nashika vipimo vya wateja kumi bila kuandika. Juzi nilimshonea mwalimu gauni, mikono yote miwili ya kushoto. Akaniuliza, "Fundi, kwani mimi umenionaje?" Tukacheka. Alipotoka nililia palepale kwenye cherehani. Sina wa kumsimulia, Dada. Napika kikombe kimoja cha mchele, nakula nikiutazama ukuta.

Mficha maradhi kilio humfichua, nikaenda hospitali. Daktari alichungulia sikio, akauliza taratibu, "Mama, nani alikupiga?" Kwa mara ya kwanza nikasema kweli. Akanieleza kuwa kiwambo cha sikio kimetoboka kwa makofi, na kwamba kizunguzungu na usahaulifu vinatokana na vipigo vya kichwani. Watanipasua sikio Jumatano, tarehe 26.

Wakanipa fomu ya kujaza ndugu wa karibu, wa kupigiwa simu likitokea lolote. Mkono, kwa mazoea, ukaandika jina la yule bwana. Nikalikatakata mpaka karatasi ikachanika, nesi akanipa nyingine. Nilikaa nayo muda mrefu, maana hapa mjini sina mtu.

Nisalimie shemeji, na wale pacha wako, na Shangazi Miwani ukimpata kwenye simu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Nimeandika jina lako bila kukuomba ruhusa. Wakipiga, Dada, tafadhali pokea.

Mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba