Rota Niliyoichukua Siku ya Maziko Yako

Mtani wangu Shomari,

Mwangaluka. Najua hukupenda nikuamkie kwa Kisukuma, ulikuwa unasema kinakwaruza koo kama mwiba wa samaki. Sasa huna la kufanya, utaamkiwa nacho. Mimi Masanja bado nipo. Meno yamebaki manne, nayo hayakutani. Mwandiko utauvumilia, mimi ni darasa la pili. Wewe wa darasa la nne hukuwahi kuniandikia hata mstari mmoja, basi leo utasoma.

Nakuandikia kwa sababu nilikufanyia kitu kibaya. Kimeisha vizuri, lakini nilikufanyia.

Kwanza kigari chako. Kipo, kizima, kijani kilekile. Nimekuwa nikikikumbuka tangu siku ulipotoka nacho mgodini Geita, mgodi ulipofungwa, na yule mzungu wa mashine akakuachia kwa kuwa ulikuwa ukikitengeneza kuliko yeye alivyokuwa akikiendesha. Watu wa Kalangalala, palepale Geita, walitoka nje kutazama. Viti viwili, hakina paa ila turubai, na kifupi mno, mtu akikaa matako yanasikia kila kokoto. Mama mmoja mwenye ndizi kichwani akasema, "Mzaramo kanunua kiatu." Wewe ukamjibu, "Cha mguu mmoja, mama, cha pili kinakuja."

Tulipokileta Shinyanga kilizama kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaoshika kama ugali mbichi. Tulikuwa wanaume wanne, tukakishika pembe nne tukakinyanyua kama kitanda cha mgonjwa. Wewe ulibaki ndani na usukani wako. Ulisema lazima awepo wa kuongoza. Mgongo wangu bado unakudai samahani.

Na ile Jumapili unaikumbuka? Miaka ile petroli ilikuwa adimu, na Jumapili ikifika saa nane mchana gari haziruhusiwi barabarani. Sisi tulikuwa na harusi ya shemeji yako. Ukafunga ng'ombe wangu wawili mbele ya kigari, ukavaa miwani ya jua, tukaenda. Mgambo akatusimamisha.

"Hiki ni nini?"

"Mkokoteni," ukasema.

"Mkokoteni wenye taa?"

"Ng'ombe wa huyu Msukuma hawaoni vizuri."

Akatuambia tupite haraka kabla hajafikiria swali jingine. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, nawe ukanitukana kwamba nawatisha ng'ombe.

Haya. Sasa kosa langu.

Siku ya maziko yako nilifanya kazi yangu ya utani kama inavyotakiwa. Ninyi Wazaramo mngenifanyia vilevile, tena kwa ubaya zaidi. Niliingia kaburini kabla yako, nikajilaza, nikasema chumba hiki nimeshapanga mimi, mpelekeni Mzaramo kwingine. Ustadhi alinuna, lakini wazee wakanikomboa kwa jogoo, nikatoka. Mkeo aliposimuliwa nyumbani alicheka, Shomari, akiwa amejifunika kanga usoni. Nilimwona mabega yakitikisika, na nikajua huku ni kucheka.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi, nilipita bandani kilipolala kigari. Nikafungua boneti, nikafungua kile kifuniko cha distributa kama ulivyonionyesha, nikachomoa rota, kile kidude cheusi kinachozunguka mle ndani. Nikakitia mfuko wa koti. Mtani anachukua kitu cha marehemu, wenye msiba wanakuja kukikomboa, ndiyo desturi. Nilijua keshokutwa wataliwasha gari, litagoma, watasema, "Masanja, toa." Nami nitatoa nikishashiba ubwabwa.

Hawakuja.

Siku ya tatu shemeji yako alijaribu kuliwasha. Likazunguka, likazunguka, halikuwaka. Hakuna aliyenifikiria mimi. Walikufikiria wewe. Wakasema gari limekataa, mwenyewe kaondoka nalo. Fundi wa pale sokoni akaitwa, akasimama nje ya banda, akasema yeye hagusi gari lililogoma siku za msiba. Fundi mzima, Shomari, anaogopa maiti wa chuma.

Ningesema siku ile ile. Sikusema. Nilidhani utani utanoga zaidi ukikaa kidogo. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Na utani ukishapita mwezi si utani tena, mtu atauliza ulikuwa wapi siku zote hizo na mali ya watu mfukoni. Nikaona aibu. Mimi, niliyewahi kumtania mkuu wa wilaya tumbo lake, nikaona aibu ya kidude kidogo kuliko kizibo cha chupa. Miezi mitano nilikuwa napita uani kwako, namwona kuku amelalia mayai kwenye kiti changu, kile cha abiria, nami nasalimia na kuendelea na safari.

Sikujua kilichokuwa kikimla Zuhura.

Unajua mlivyoachana na binti yako. Alikuomba umfundishe kuendesha, apate kuwawahi wajawazito vijijini, maana mkunga mwenye baiskeli kama yeye hufika mtoto kashafungwa kitovu na bibi yake. Nawe ukamjibu mbele ya wageni, "Hiki si kigari cha kubebea matumbo ya watu." Akaacha sahani yake, akaondoka. Wiki mbili baadaye homa ikakuchukua, na yeye yuko kazini.

Basi siku moja nilikuwa nyuma ya ukuta wenu, nimekuja kuomba chumvi, nikamsikia akimwambia mama yake kwa sauti ndogo, "Baba alikufa amenikasirikia. Hata gari lake limeninyima." Ushahidi ulikuwa bandani, na ushahidi huo niliutengeneza mimi.

Nilirudi nyumbani bila chumvi. Nimecheka maisha yangu yote, mtani, lakini siku ile sikuona pa kushika.

Kesho yake asubuhi nilivaa koti, nikaenda, nikakaa kwenye mkeka wao bila kukaribishwa. Nikaitoa rota nikaiweka katikati yetu. Nikasema, "Nilimchukulia mtani wangu siku ya maziko. Nilingoja mje kukomboa, hamkuja, nikaogopa. Gari halijakataa mtu. Mchawi wenu ni huyu hapa, na ana meno manne."

Zuhura aliiokota, akaigeuzageuza. Mama Zuhura ndiye aliyesema. "Ungeleta siku ya tatu ungepewa kuku. Sasa utatoa wewe, tena mbuzi." Nikasema sawa. Nilikuwa nimekwisha kumfunga mbuzi nje ya ua, maana nilimjua mkeo.

Halafu nikamwambia Zuhura lile jingine, ambalo ulinikataza. Samahani, lakini wewe umekufa na yeye yu hai. Nikamwambia: siku tatu baada ya kumjibu vile mbele ya wageni, baba yako alinishikisha tochi chini ya kiti cha dereva. Akatoboa matundu mapya, akakivuta kiti mbele, akakikaza. Wiki nzima aliendesha magoti yake yakiwa masikioni. Nikamtania baba yako, "Mtani, umekuwa panzi." Akasema, "Mwenye kiti hiki ana miguu mifupi. Nyamaza mpaka nimtafutie maneno ya kumwambia."

Ukachelewa kuyapata maneno. Homa haikungoja.

Zuhura aliinuka. Akaenda bandani, akamfukuza kuku, akaingia. Nikaona mguu wake wa kushoto ukishuka kwenye klachi mpaka chini kabisa. Sisi hatukumfuata. Mama Zuhura alinimiminia uji, na uji ule ulikuwa na sukari, miaka hii ya foleni za dukani, kwa hiyo nikajua nimesamehewa nusu.

Fundi aliposikia ni wizi tu, si wewe, alikuja mbio na betri begani, akairudisha rota mahali pake. Kikawaka mara ya tatu. Dereva wa lori la pamba akamfundisha Zuhura kwenye barabara ya kiwanda, nami nikakaa pembeni nikimwelekeza kwa matusi yako yaleyale, niliyoyasafisha kidogo. Leseni anayo. Petroli anapewa kwa kibali cha zahanati, kibali unachokiota wewe huko.

Wiki iliyopita tulikwenda kwa mama mmoja njia ya Usanda, uchungu umemshika tangu alfajiri. Zuhura alimkuta bado hajajifungua. Mtoto wa kiume katoka mikononi mwake, akalia vizuri. Na unavyojua sisi Wasukuma tunavyowapa watoto majina kwa kilichotokea, wamemwita Motokaa. Nimewaambia asante kwa kutomwita Shomari, angekuwa mbishi.

Tulipokuwa tunaondoka, baba wa mtoto alikizunguka kigari mara mbili, akashika mlango, akauliza, "Dada, hili gari la nani?"

Miezi yote ile jibu lilikuwa "la marehemu", na mtu akisikia hivyo anarudi nyuma hatua moja. Zuhura alikuwa anafuta mikono. Akasema, "La baba. Amenipa mimi." Akaingia, akanifungulia mlango kwa ndani jambo ambalo wewe hukulifanya kamwe.

Lala sasa, Mzaramo. Nakuahidi nitakaa pembeni ya huyu binti mpaka miguu yangu ikatae kuingia humo chini, na siku yenyewe ikifika nitamwambia nimekataa mimi, si gari. Usiniandalie nafasi, sina haraka. Wabeja, asante, kwa mtoto uliyemlea.

Mtani wako,
Masanja